Shefu Alikufa Jumatatu, na Sentensi Nyingine Nilizoandika

Wadogo zangu wa kazi, mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu katika senta yetu ya Kiingereza kabla sijaanza kusahau. Ufunguo wa darasa nimeurudisha wiki tatu zilizopita, na mpaka leo mkono wangu unautafuta mfukoni. Habari za vyeo sitaziandika, kwa kuwa vilikuwa viwili tu, na cha pili nilikigundua baada ya mwaka mzima. Habari za mshahara nitaziacha pia, maana nao uliniacha mara nyingi. Nitaandika habari za ubao, za sentensi, na namna nilivyomuua shefu wa kartie yetu, yaani mkuu wa mtaa, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Baba alikufa mwaka mmoja, mama akamfuata mwaka wa pili. Niliacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari, minerval, ile ada ya shule, ikiwa haijalipwa na kichwa kikiwa bado kina nafasi. Nilibaki na wadogo wanne: Ilunga, Marta, Kyungu, na kitinda mimba Bahati, aliyekuwa na miaka mitano na sauti ya mtu wa arobaini. Matanga ya mama yalipoisha, jamaa walikaa kikao. Shangazi Yuliana, dada ya baba, alikuwa amekuja kwa boti kutoka Moba, na yeye ndiye aliyegawa watoto kama mtu anayegawa mafungu ya samaki wadogo wa ndagala sokoni. Ilunga na Kyungu waende Kongolo kwa baba mdogo. Marta aende Kiambi kwa upande wa mama, akalime. Bahati aende naye Moba. Mimi nilikuwa mkubwa, ningeolewa.

"Hapana, Shangazi," nikasema. "Tutabaki pamoja."

"Mutakula nini? Upendo?"

"Nitatafuta kazi."

"Kazi gani, weye Feza?"

Sikujua. Nikasema kazi itakayokuwa imebaki. Shangazi alinitazama muda mrefu, kama anayepima kitambaa kwa macho. Halafu akasema, "Sawa. Nitarudi kiangazi kikianza. Nikikuta uko na kazi, watoto ni wako. Nikikuta kazi hakuna, ninapanda nao boti, na usinililie."

Kazi iliyokuwa imebaki ilikuwa ya kufagia senta. Senta yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili kwenye mteremko juu ya stesheni, na mwenyewe alikuwa Mwalimu Ngoy, ambaye mji mzima ulimwita Prof. Alisoma Zambia, akarudi na koti moja na kitabu kimoja. Koti halikuwa na vifungo na kitabu hakikuwa na jalada. Asubuhi alifundisha katika shule ya mapadri, saa kumi na moja jioni alifundisha watu wazima kwetu: madereva, wapakiaji wa bandarini, wafanyabiashara, na vijana waliosikia kwamba wageni watakuja siku moja kutafuta wakalimani.

Siku yangu ya kwanza nilifuta ubao.

Prof alifika, akausimamia ubao ule mweusi safi, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani alifuta hapa?"

"Mimi, Prof. Ulikuwa muchafu."

"Ule uchafu njo kazi yangu," akasema. "Niliuandika asubuhi nzima."

Adhabu yangu ilikuwa kuliandika somo upya kutoka kwenye karatasi yake. Sikujua hata neno moja. Nililichora herufi kwa herufi, kama mtu anayenakili nyayo za kuku. Nilipomaliza, Prof alitazama mwandiko wangu, halafu akatazama wake mwenyewe, akaniambia kwamba kuanzia kesho nitakuwa naandika mimi kila siku. Ndivyo nilivyopata cheo cha kwanza, kwa kosa. Nawaambia hili kwa sababu wengi wenu mnaogopa kukosea siku ya kwanza. Koseeni, lakini koseeni kwa mwandiko mzuri.

Vifaa vya wakati huo hamvijui, acha niwaeleze. Rangi ya ubao hatukununua. Tulichukua mawe meusi ya ndani ya betri zilizochoka, tukayatwanga, tukachanganya na majani ya muhogo, tukausugua ubao mpaka ukawa mweusi kama sufuria ya matanga. Darasa lilinuka sombe, mboga ya majani hayo, iliyoungua kwa siku mbili. Chaki ikikosekana, tuliandika kwa kipande cha muhogo mkavu. Muhogo unaandika vizuri sana, ila una adui. Jioni moja mbuzi wa jirani alilamba somo lote la wiki, kutoka kushoto kwenda kulia, kama msomi.

Sasa niwaeleze namna ya kufundisha ya Prof, kwa kuwa ndiyo iliyoniingiza matatani. Yeye aliamini kwamba Kiingereza hakiingii mtu akiwa amekaa. Kwa hiyo kila siku saa sita mchana niliutoa ubao nje, nikauegemeza ukutani upande wa barabara, nikaandika nusu ya sentensi. Nusu tu, halafu nukta. Mwanafunzi anapita, anainakili, anatembea nayo mchana kutwa bandarini au sokoni, na saa kumi na moja analeta nusu ya pili aliyoitunga mwenyewe. Prof alisema nusu ya sentensi ni kama mwiba mguuni, utaifikiria tu.

Tulikuwa na aina mbili ambazo ziliwasumbua watu kuliko zote. Ya kwanza Prof aliiita sentensi ya mkia mbele. Unaanza na kitendo, mwenye kitendo anakuja nyuma, kama mtu anayetuma mizigo kwanza halafu yeye mwenyewe anashuka kwenye boti. Kuieleza, Prof alizunguka darasani akila karanga na kufagia kwa wakati mmoja, huku akisema, "Eating groundnuts, I am sweeping the room." Yaani, nikila karanga, ninafagia chumba. Maganda aliyadondosha nyuma yake, na mimi nikayafagia tena. Ya pili ilikuwa sentensi ya ingawa: unasema jambo, halafu unaleta jambo linalogombana nalo, na hayo mawili lazima yakae nyumba moja. Wanafunzi waliooa na walioolewa waliielewa haraka.

Shida ilikuwa kitabu. Ndani ya kitabu kile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefanya kila kitu, jina lake Henry. Sentensi ya kwanza niliyoielewa maishani ilikuwa hii: "Taking off his skates, Henry sat by the fire." Henry alivua skates zake, akakaa karibu na moto. Wanafunzi waliuliza skates ni nini. Prof akasema ni viatu vyenye visu chini. Dereva mmoja akauliza kwa upole kama Henry ameshakamatwa.

Henry huyo alituchosha. Kila siku alikuwa anafunga mwavuli, anampigia shangazi yake piano, anasukuma theluji. Wanafunzi wakaanza kupungua, kutoka thelathini wakawa ishirini, wakawa kumi na wawili. Prof akaniambia bila kuzungukazunguka, "Feza, wakishuka chini ya kumi, ninafunga. Siwezi kukuweka kwa kufagia viti vitupu." Kiangazi kilikuwa kimebakiza majuma matatu. Niliwahesabu wanafunzi kila jioni kama mama anavyohesabu vifaranga mwewe akiwa juu.

Juma hilohilo Prof alishikwa na malaria. Hakukuwa na karatasi ya sentensi. Saa sita nilisimama mbele ya ubao mtupu na kipande cha muhogo mkononi, na ng'ambo ya barabara Mama Sofi alikuwa anakaanga mandazi yake. Nikaandika: "Although Mama Sofi's doughnuts are small, ..." Ingawa mandazi ya Mama Sofi ni madogo, nukta, nukta, nukta.

Jioni walikuja kumi na saba. Wawili walikuwa si wanafunzi, walikuja kusikia tu. Mpakiaji mmoja alimalizia: ingawa mandazi ya Mama Sofi ni madogo, mafuta yake yana umri mkubwa. Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Asubuhi Mama Sofi alinivukia barabara na mwiko.

"Ni weye njo uliniandika?"

"Ni mufano tu, Mama."

"Mufano uandike wa mama yako!" Halafu akatulia, akakumbuka kwamba mama yangu hayupo, akanipa andazi. Lilikuwa kubwa. Tangu siku hiyo mandazi yake yaliongezeka ukubwa, na hilo nalihesabu kuwa mchango wangu wa kwanza kwa maendeleo ya mji.

Prof alipopata nafuu kidogo, nikaenda kumweleza. Alicheka ndani ya blanketi, halafu akaacha kucheka. "Muntu wa hapa usimuingize mu sentensi," akasema. "Henry hawezi kuja kulalamika. Huyu wa hapa atakuja." Nikasema ndiyo, Prof. Kesho yake wanafunzi walikuwa ishirini na tatu, na mimi ndiyo yangu nikaisahau.

Hapa lazima nimlete Papa Radi. Papa Radi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na baiskeli, kipaza sauti cha betri, na imani kwamba kitu chochote kilichoandikwa kwenye ubao wa nje ni komunike, tangazo la kusomewa watu. Na msimlaumu, kwa kuwa mjini kwetu ndivyo ilivyokuwa. Ubao wa parokia ulitangaza nani amekufa, boti gani inaondoka, mbuzi wa nani amepotea, na Papa Radi aliyazungusha hayo mitaani kwa sauti yake. Kiingereza alikiokota bandarini, kwa mabaharia wa Zambia. Alijua majina ya vitu, siku za juma, maneno ya safari na ya msiba, na matusi.

Siku moja niliandika sentensi ya mkia mbele: "Leaving for Moba on Thursday, ..." Nilitaka wamalizie wenyewe nani anaondoka kwenda Moba Alhamisi. Papa Radi hakuona haja ya kungoja. Mchana ule alipita sokoni akitangaza kwamba Alhamisi kuna safari ya Moba. Alhamisi asubuhi bandari ilijaa watu, magodoro, kuku, na bibi mmoja na kabati. Boti ilikuwepo, lakini nahodha hakuwa na mpango wa kwenda popote, alikuwa anakata kucha. Alipoona abiria wameshapanga mizigo yao, akaangalia kucha zake, akaangalia ziwa, akasema, "Basi, twende."

Hakuna aliyenigombeza. Kinyume chake, nilianza kujiona mtu ambaye maneno yake yanasukuma boti. Wadogo zangu, kazi inapokwenda vizuri kwa bahati, jihadharini. Bahati haina mafunzo.

Majuma mawili yakapita, ikawa zamu ya sentensi za ingawa. Nilitaka kuwapa ngumu, ile ambayo pande mbili zake zinavutana kama watu na kamba. Nikafikiri: ni kitu gani kikubwa kabisa ambacho baada yake huwezi kutegemea kitu kingine? Kufa. Na nani akifa mtaa wote utashangaa? Shefu wa kartie. Alikuwa mtu mnene, mwenye afya, na isitoshe alikuwa ameondoka Jumapili kwenda shambani kwake, mbali kando ya mto Lukuga, kwa hiyo asingeona. Jumanne saa sita nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Although the chief died on Monday, ..."

Ingawa shefu alikufa Jumatatu, nukta, nukta, nukta. Nikarudi ndani kufagia, nikicheka peke yangu.

Saa nane nilisikia kipaza sauti. "Komunike! Komunike! Shefu wetu wa kartie alituacha siku ya Jumatatu! Matanga ni kwake!" Nilitupa ufagio, nikakimbia mpaka nikashika baiskeli kwa nyuma.

"Papa Radi, simama! Haijaisha!"

"Nini haijaisha?"

"Sentensi!"

Alinitazama kwa huruma. "Mama, muntu akishakufa, ni nini inabakia ya kumaliza?"

"Papa, kulikuwa na nukta!"

"Nukta sikusoma. Nukta haina sauti."

Nikakimbia mpaka kwa shefu. Wanawake walikuwa wameshajaa uani, turubai limeshafungwa, Mama Shefu, mke wake, anagaagaa chini. Nilitaka kusema pale mlangoni kwamba ni uongo, lakini nyinyi mnajua, kwenye matanga hakuna anayeingia akihutubia. Kabla sijafungua mdomo, wamama wawili walinidaka, wakanikalisha, wakaniambia, "Lia, mutoto, lia." Na kweli nililia, kwa kuwa niliona kazi yangu inazikwa pale pamoja na shefu. Wakasema, tazameni huyu yatima, anajua uchungu. Nilipopata pumzi nikamwambia aliye karibu nami kwamba shefu hajafa. Akanipiga mgongoni taratibu. "Sisi wote tunasema vile siku ya kwanza," akasema.

Vijana walitumwa shambani kwa njia ya miguu kuuchukua mwili. Prof alikuwa kitandani na homa tena. Jumatano asubuhi, kwa kuwa shida haiji na mkono mmoja, boti ya Moba iliingia na Shangazi Yuliana akashuka.

Kwanza alipita nyumbani. Akakuta Marta anapika uji, akauliza niko wapi, akaambiwa niko kwenye matanga ya shefu. Hakuuliza zaidi. Shangazi ni mtu wa desturi, na kwake yeye kupita mtaa wenye msiba na macho makavu ni kama kupita uchi. Alifunga kitenge kiunoni, akashuka mpaka uani kwa shefu, na pale mlangoni akajitupa chini kwa kilio ambacho kiliwainua watu. "Shefu ee! Umetuachia nani! Ningejua, boti ningeisukuma kwa mikono!" Hakuwahi kumwona shefu maishani. Alilia saa nzima, akala bugali na samaki, akalia tena. Ni katikati ya kilio cha pili ndipo mwanamke mmoja alimnong'oneza kwamba kuna maneno mtaani, kwamba habari ilitoka kwenye ubao wa Feza. Shangazi akafuta uso kwa kitenge. Akaniita kando.

"Njo kazi yako hii? Kuandika vifo?"

"Ni kufundisha, Shangazi. Ni mufano."

"Sasa watakufukuza." Hakusema kwa hasira. "Nguo za watoto nitazifunga leo." Akapanda nyumbani, akarudi na kikapu na watoto wote wanne.

Saa saba shefu akarudi. Alikuja kwa mtumbwi, kwa hiyo vijana waliokwenda kwa njia ya miguu hawakukutana naye. Alipanda kilima na mfuko wa mihogo begani, akaona turubai kwake, akamuuliza mzee aliyekuwa amekaa nje na uso mikononi.

"Nani alikufa?"

"Shefu," akasema mzee bila kuinua uso.

"Alikuwa muntu wa namna gani?"

"Muzuri. Ila kwa chumvi alikuwa muchoyo."

Shefu aliweka mihogo chini, akaingia. Wengine walikimbia, mmoja akapita juu ya ua. Mama Shefu alimshika masikio kuhakikisha, halafu akamtukana kwa kuchelewa kurudi. Mdogo wake shefu alisimama katikati ya ua, na hakuweza kukimbia kwa sababu alikuwa amevaa koti la shefu, na kiatu kimoja cha shefu, cha pili kikiwa mkononi.

"Linakupwaya," shefu akamwambia.

Turubai halikufunguliwa. Shefu alikaa kwenye kiti chake palepale, kesi ikaanza. Prof aliletwa akiwa amejifunga blanketi. "Feza," akanong'ona, "umeua muntu kwa Kingereza?" Papa Radi akaulizwa, akajitetea kwamba yeye ni mdomo tu, hakuandika kitu. Shefu akazungusha macho.

"Nani aliandika?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nainuka. Ndipo nikasikia sauti ya Ilunga nyuma yangu. "Ni mimi, Shefu."

"Muongo," akasema Marta. "Ni mimi niliandika."

"Wote wawili hawajui Kingereza," akasema Kyungu. "Mimi njo najua. Niliandika mimi."

Bahati akawasukuma akafika mbele kabisa, tumbo nje. "Mi njo niliandika yote!"

Shefu alimtazama. Akaomba kipande cha mkaa, akamwonyesha mlango wa nyumba. "Andika tena tuone." Bahati, ambaye hakujua herufi hata moja, alichora polepole, ulimi nje, samaki mwenye miguu minne.

"Hii inasema nini?"

"Inasema umekufa."

Watu waliguna, wengine wakafunika midomo. Mimi sasa nilikuwa nimesimama. Nikasema ni mimi, nikaeleza yote: nusu ya sentensi, nukta, Henry, wanafunzi waliokuwa wanapungua. Shefu alisikiliza. Halafu akasema, "Basi maliza. Ingawa nilikufa Jumatatu, halafu nini?"

Wanafunzi wangu walikuwa wamejaa uani na kila mmoja alikuwa amezunguka na nusu yake tangu jana. "Mbuzi zake bado zinakula mihogo yetu!" akasema mmoja. "Bado anadai faini!" akasema wa pili. Mpakiaji yule wa mandazi akasema, "Mama Shefu hajaona tofauti!" na Mama Shefu ndiye aliyecheka zaidi.

Shefu hakucheka. Alisema senta inayoua watu ifungwe, kuanzia siku ile. Prof akavuta blanketi mpaka kichwani. Niligeuka kumtafuta Shangazi, nikamwona anatazama mlango, pale kwenye samaki. Nguo za watoto zilikuwa tayari kwenye kikapu miguuni pake. Alikuwa amepata alichokuja kukifuata. Akasimama.

"Shefu, mimi ni mugeni, natoka Moba. Sikukujua. Lakini nilikulilia tangu asubuhi mpaka sauti ikaisha. Machozi yangu utanirudishia na nini?"

Minong'ono ikapita. Wazee wakatikisa vichwa kwamba neno hilo ni la haki. Mtu akikulilia, una deni kwake, na hakuna aliyewahi kuona kesi ambayo mwenye deni yuko hai na amekaa kwenye kiti. Shefu alijikuna shingo.

"Nilisikia ulilia muzuri," akasema. "Sema unataka nini."

Wote walitegemea kuku, au kitenge. Mdogo wake shefu alikumbatia koti.

"Fungua senta," akasema Shangazi. Halafu akanigeukia mimi, kwa sauti iliyokwisha kabisa. "Nilikuja kuwachukua, usizani nilisahau. Lakini watoto wane wanaogombania kosa moja, nitawagawa namna gani?"

Shefu alifungua senta, kwa sharti moja: ubao ugeuzwe ukutani mpaka yeye mwenyewe ausome kwanza. Kwa kuwa hakujua Kiingereza, ilibidi ajiandikishe. Alikaa benchi la mbele miaka miwili. Alikuwa mwanafunzi mbaya, na kila sentensi ya ingawa aliimaliza kwa ushindi wake mwenyewe, lakini aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila Jumatatu alinisalimu kwa makusudi.

Miaka iliyofuata mnaijua zaidi. Wakati wa vita tulifunga na kufungua, tulifunga na kufungua, na wageni waliokuwa wanangojewa walikuja kweli, wakachukua wanafunzi wangu wazuri kuwa wakalimani. Prof alipokufa, nilingoja niuone mwili mwenyewe ndipo nikakubali. Aliniachia kitabu. Bado nafundisha kwa nusu ya sentensi, yaani nilifundisha, na nawaomba msiiache njia hiyo. Msitumie majina. Nukta zenu ziandikwe kubwa, na wekeni nyingi. Sentensi ikikataa kumwingia mwanafunzi, mpeni kitu ale huku anatembea.

Na wale wadogo zangu wanne hawakugawanywa. Waliondoka wenyewe, mmoja mmoja, mchana, kwa mlango, kila mtu alipokuwa tayari: Marta kwa mume, Ilunga kwa kazi ya reli, Kyungu kwenda Manono kuchimba madini ambayo mpaka leo hatujayaona. Bahati ndiye aliyekawia. Ameoa mwaka huu, na amehamia ng'ambo ya Lukuga na sauti yake ile ile.

Wiki niliyorudisha ufunguo nilimpigia Shangazi simu Moba.

"Shangazi, sasa unaweza kuja kuchukua mutoto. Amebaki mumoja."

"Nani tena? Bahati hakuoa?"

"Mimi."

Nikasikia kuku wake nyuma ya simu. "Panda boti ya Ijumaa," akasema. "Nitashuka mwenyewe bandarini kukupokea."

Ana karibu miaka themanini na macho yake hayaoni mbali. Nimemwambia nitavaa njano.